Kristo Mfalme na Viti vya Mbele



Kila mwaka, Dominika ya mwisho ya mwaka wa liturujia, tunaadhimisha Sherehe ya Kristo Mfalme. Tunatoka barabarani kwa maandamano ya Ekaristi, watoto wakitupa maua, kwaya zikiimba kwamba Kristo peke yake ndiye Bwana. Hakuna anayetulazimisha kuyasema hayo. Tunayasema kwa furaha na kwa sauti kubwa.

Kisha, pengine kabla ya maua yale kukauka, tunatangaziwa kwamba Dominika ijayo kuna harambee ya paa la kanisa na mheshimiwa atakuwepo. Asubuhi hiyo wazee waliokaa viti vya mbele kwa miaka thelathini wanaombwa wasogee nyuma. Viti vilivyofunikwa vitambaa vinaletwa. Misa iliyopangwa kuanza saa tatu inaanza saa tano, kwa kuwa msafara haujafika, na akina mama wenye watoto wachanga wanangoja. Baada ya Komunyo kipaza sauti kinatolewa, na pale ambapo Neno la Mungu lilisomwa tunasikia watu wakitukanwa kwa majina. Mwishoni bahasha inainuliwa juu, kiasi kinatajwa, nasi tunapiga makofi na vigelegele kuliko tulivyofanya wakati wa Injili.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tumeyaona mambo hayo parokiani kwetu, wala hatujitoi katika lawama. Tulikuwa miongoni mwa waliopanga viti. Ndiyo maana tunauliza swali hili kwetu kwanza, kisha kwenu: katika Misa ile, mfalme alikuwa nani?

Asili ya sikukuu hii

Wengi wetu tunadhani Kristo Mfalme ni sikukuu ya kale isiyohusika na mambo ya dunia. Sivyo. Papa Pius wa XI aliianzisha mwaka 1925. Wakati huo Mussolini alikuwa ametawala Italia kwa miaka mitatu, na katika nchi nyingi watawala walikuwa wakidai kwamba taifa, chama au kiongozi astahili utii wote wa mwanadamu, mwili na roho. Kanisa lilijibu kwa kumwinua juu Mfalme mwingine. Sikukuu hiyo ilikuwa tangazo kwa wenye nguvu kwamba mamlaka yao yana mpaka, na kwamba mpaka huo hawakuuweka wao.

Basi anayeadhimisha Kristo Mfalme na kusema kwamba Kanisa lisijihusishe na utawala, hajui anachoadhimisha.

"Mamlaka yatoka kwa Mungu"

Kila mara Kanisa linapofungua kinywa, tunakumbushwa Waraka kwa Waroma, sura ya 13. Mamlaka yatoka kwa Mungu, tunaambiwa. Kwa hiyo nyamazeni, maana anayempinga mtawala ampinga Mungu.

Tunaisadiki sura hiyo yote. Ndiyo maana tunaomba isomwe yote. Mtume Paulo anasema kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu. Mtumishi huwa na bwana wake. Mwenye kukabidhiwa funguo si mwenye nyumba, na msimamizi wa shamba hutoa hesabu siku mwenye shamba anaporudi. Kama mamlaka yangetoka kwa mtawala mwenyewe, asingedaiwa hesabu na mtu yeyote. Lakini kwa kuwa yametoka kwa Mungu, atadaiwa hesabu kali. Hivyo aya inayotumiwa kutunyamazisha ndiyo inayomweka mtawala kizimbani.

Bwana wetu alilisema jambo hilo mbele ya mtawala, mikono yake ikiwa imefungwa. Pilato alijigamba kwamba ana uwezo wa kumfungua na uwezo wa kumsulubisha. Yesu alimjibu kwamba asingekuwa na uwezo wowote kama asingepewa kutoka juu (Yohane 19:11). Hakumtukana, wala hakumwinulia silaha. Alimwonyesha tu ukubwa wake halisi.

Wengine hutuambia kwamba kiongozi ni mteule wa Bwana, asiguswe, wakitoa mfano wa Daudi aliyekataa kumwua Sauli pangoni. Mfano ni mzuri. Daudi kweli hakumwua. Lakini alikata pindo la vazi lake, akatoka nje, akamwita mbele ya majeshi na kumweleza dhuluma yake waziwazi (1 Samweli 24). Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme, akamtwaa mke wa Uria na kumwua Uria kwa hila, Nathani hakusema kwamba mteule asiguswe. Aliingia ikulu na kumwonyesha mfalme kwamba mkosaji ni yeye. Kutomwua mtawala ni amri ya Mungu. Kutomwambia ukweli si amri ya Mungu. Ni woga wetu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunakubali. Lakini yuko Mkuu wa wakuu. Nebukadneza hakumsikia, akala majani pamoja na wanyama wa kondeni mpaka alipokiri kwamba Aliye Juu ndiye atawalaye falme za wanadamu (Danieli 4).

Sarafu na sura

Tunaambiwa pia kwamba ya Kaisari apewe Kaisari. Ni kweli, na Mkristo hulipa kodi, hutii sheria za haki, hushiriki uchaguzi na huwaombea viongozi wake. Mkristo anayekwepa kodi na kutoa rushwa hana haki ya kumsuta waziri mwizi.

Lakini tukumbuke jinsi Bwana alivyojibu. Aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza ina sura ya nani. Sarafu ilikuwa na sura ya Kaisari, basi ikarudi kwake. Sasa tuulize: mwanadamu ana sura ya nani? Kitabu cha Mwanzo chajibu katika sura ya kwanza. Basi kijana anayepigwa risasi barabarani, mjane anayefukuzwa katika shamba lake, mfungwa anayeteswa ili akiri kosa ambalo hakutenda, hao wana chapa ya Mungu. Kaisari akiwashika kana kwamba ni mali yake, amevuka mpaka wa ufalme mwingine, na Kanisa likinyamaza limekubali mpaka ung'olewe.

Tusisahau pia shamba la Naboti (1 Wafalme 21). Mfalme Ahabu alilitamani, na Yezebeli akalipata kwa njia gani? Alitangaza mfungo. Aliitisha mkutano wa ibada, akaamuru Naboti aketishwe mbele ya watu, kisha mashahidi wawili wa uongo wakamshtaki kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Dini ndiyo iliyotumika kumwua, na wazee wa mji walishiriki kwa kunyamaza na kutii barua. Katika nchi yetu, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa na marafiki zao kinyume cha sheria. Wangapi kati ya waliogawiwa walikaa viti vyetu vya mbele, wakabarikiwa, wakatuachia bahasha?

Waliotutangulia

Hatuanzi njia mpya. Wako waliotutangulia, na wengine waliilipia.

Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana, pamoja na maaskofu wenzake, alimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu wa askari. Amin alikuwa ametangazwa Rais wa Maisha. Februari 1977 Luwum aliuawa. Miaka miwili hivi baadaye Amin alikimbia nchi, mwezi wa Aprili 1979. Tazameni kiburi cha cheo hicho. Mwenye maisha ni Mungu peke yake; mwanadamu hajui hata ya kesho.

Nchini Malawi naye Kamuzu Banda aliitwa Rais wa Maisha tangu mwaka 1971. Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kusema hadharani yale ambayo kila mtu aliyajua. Tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa katika makanisa yote ya nchi. Ilizungumzia umaskini, elimu, hospitali, mahakama na hofu ya watu. Maaskofu waliitwa na polisi na kuhojiwa. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kupasuka. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi, na Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi. Maaskofu hawakuwa na jeshi. Walikuwa na mimbari ambayo hawakuwa wameikodisha kwa mtu.

Hapa kwetu Kenya, serikali ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, wachungaji walikuwa miongoni mwa wachache waliosema hapana. Mwaka 1987 Askofu David Gitari alihubiri juu ya Danieli na hila za wakuu wa Babeli, na wanasiasa wakamshambulia kana kwamba amewataja kwa majina. Mwenye kidonda hujijua. Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba mageuzi yaliyoikumba Ulaya Mashariki yangefika hata Afrika. Alibezwa na kutishwa. Mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kilifutwa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurudi, alikufa katika ajali ya barabarani.

Mwaka 1992, watu walipouawa na kuchomewa nyumba katika Bonde la Ufa, maaskofu Wakatoliki waliandika kwamba serikali haikuwa na mikono safi, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alisimama na waliofukuzwa. Padre John Kaiser, mmisionari wa Mill Hill, aliwatetea wakimbizi wa Maela na kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, na mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi iliamua kwamba aliuawa.

Siku tulipopoteza sauti

Tungependa kuishia hapo na kujisifu, lakini ukweli hauruhusu. Katika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa makanisa walijipanga nyuma ya wagombea, kila mmoja akifuata kabila lake. Wengine walitoa unabii wa ushindi; wengine waliwawekea wagombea mikono. Ghasia zilipozuka, zaidi ya watu 1,100 wakauawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, tulitafuta sauti ya kuwaamuru wauaji waache, tukakuta hatuna. Nani angetusikia? Kila upande ulituona kuwa wa upande mwingine. Siku ya kwanza ya mwaka 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililokuwa kimbilio la akina mama na watoto lilichomwa moto wakiwa ndani. Mwezi wa Februari Baraza la Makanisa la Kitaifa liliungama hadharani kwamba viongozi wa Kanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba msamaha.

Hapo ndipo tunapoona gharama ya bahasha. Fedha ile haikununua mabati tu. Ilinunua na ulimi wetu, na siku ulimi ulipohitajika ulikuwa umekwisha kuuzwa.

"Lakini paa linavuja"

Tunajua mtakavyotujibu, kwa kuwa nasi tulijibu hivyo kikaoni. Paa linavuja. Waamini ni maskini. Fedha hiyo ni kodi yetu, kwa nini tusiirudishe kwa njia ya kanisa? Na mkono mtupu haulambwi.

Tujibu moja baada ya jingine. Ikiwa fedha hiyo ni mshahara halali wa mtu huyo, na aweke sadaka yake kimyakimya pamoja na wengine, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Hatutamkataa, kwa kuwa yeye naye ni mbatizwa au mtafuta Mungu. Lakini ikiwa ni kodi yetu, basi imeibwa katika zahanati yetu isiyo na dawa, na kuipokea ni kugawana na mwizi. Mbunge anayetoa katika siku moja zaidi ya anavyolipwa kwa miezi mingi anapaswa kuulizwa ametoa wapi, na wa kwanza kumwuliza awe mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Kuhusu mkono usiolambwa mtupu, hilo ndilo jambo tunaloogopa. Mkono uliojaa unalambwa, na Kanisa la Mungu halikuitwa kulamba mkono wa mtu.

Mwezi wa Novemba 2024 Kanisa lilitupatia mfano ulio wazi. Tarehe 14 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa tamko wakilaumu uongo katika uongozi, mzigo wa kodi na utekaji wa watu, katika mwaka uleule ambao makumi ya vijana walikuwa wameuawa katika maandamano. Siku tatu baadaye, katika kanisa moja la Soweto, Kayole, Rais na wanasiasa wengine walitoa fedha kwa ajili ya kwaya, halmashauri na nyumba ya mapadre. Siku iliyofuata Jimbo Kuu la Nairobi lilitangaza kwamba michango hiyo haikubaliki na irudishwe. Dominika iliyofuata ilikuwa ya Kristo Mfalme. Safari hii wimbo na tendo vilikubaliana.

Tusiseme hilo ni jambo la Askofu Mkuu peke yake. Kurudisha fedha ya Rais kwatangazwa magazetini. Kurudisha bahasha ya diwani, ambaye ni jirani yetu na mjomba wa katibu wetu, hakutatangazwa popote, na kwa hiyo ni kugumu zaidi. Lakini huko ndiko ufalme wa Kristo unakopimwa.

Tusielewe vibaya

Tunaposema Mungu yu juu ya watawala, hatusemi kwamba mapadre watawale. Askofu naye yu chini ya Mungu, na padre, na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Paroko asiyetoa hesabu ya sadaka hawezi kudai hesabu ya bajeti. Halmashauri ambayo haijachaguliwa upya kwa miaka kumi isizungumzie demokrasia. Hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Wala hatuwachochei watu kwa fujo. Anayemwua mtawala kwa jina la Mungu amejitwalia kiti kilekile anachomlaumu mtawala kukikalia. Silaha yetu ni ukweli, sheria, kura, sala na ukaidi wa kukataa uovu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika maneno yake ya kwanza, yakiri ukuu wa Mungu, na katika kifungu cha kwanza yasema mamlaka yote ni ya wananchi. Basi anayemwuliza kiongozi maswali si mwasi. Mwasi ni yule aliyeapa akishika Biblia, kisha akaitupa.

Tunayoyapendekeza

Tunaomba kila halmashauri ya parokia na kila jumuiya ndogo ndogo izungumzie mambo haya manne kabla ya harambee ijayo.

Kwanza, Misa ianze kwa wakati wake, awepo mgeni au asiwepo, na viti vya mbele wakae wazee, wagonjwa na walemavu. Mtakatifu Yakobo amekwisha kutuonya juu ya kumpa nafasi nzuri mwenye pete ya dhahabu na kumweka maskini miguuni petu (Yakobo 2).

Pili, asipewe mwanasiasa yeyote nafasi ya kuhutubia ndani ya ibada, wala wa upinzani tunayempenda, wala wa kabila letu. Akitaka kusalimu, na asalimu nje, kama jirani.

Tatu, sadaka zote ziandikwe na zisomwe kwa waamini, na mchango mkubwa usiojulikana chanzo chake urudishwe kwa barua. Paa tulijenge kwa sarafu zetu. Litachelewa, lakini litakuwa letu.

Nne, kila parokia iwe na kikundi cha Haki na Amani kinachofuatilia fedha za umma katika kata yake: barabara iliyolipiwa na haikujengwa, dawa zilizonunuliwa na hazikufika. Tumjulishe kiongozi kwa heshima, kwa maandishi na kwa ushahidi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya: Je, kuna jambo ambalo parokia yetu inaliogopa kulisema kwa sababu ya mtu aliyetuchangia? Nani anakosa nafasi kanisani kwetu mkubwa anapokuja? Tukirudisha bahasha ijayo, tuko tayari kutoa nini sisi wenyewe?

Parokiani kwetu tumelikubali jambo hili kwa kura chache tu za ziada, na paa bado linavuja. Msimu wa mvua zilizopita tulihamisha mabenchi upande mmoja, tukasali tukiwa tumebanana. Wazee walikaa mbele. Misa ilianza saa tatu.